Manahodha wengi wa 6G

Mwaka 2025 muungano wa viwango wa 3GPP ulianza rasmi kuichunguza 6G, kizazi cha sita cha simu za mkononi, katika Toleo lake la 20, na tangu hapo kuna hadithi moja inayosimuliwa kila kona. Hadithi yenyewe ni hii: zama za mnara mmoja unaotawala eneo lake zinakwisha, antena ndogo zitatapakaa kwenye kuta, dari na nguzo za taa, kila moja itakuwa na chipu yake na kujifanyia hesabu zake, na ubongo wa mtandao hautakuwa popote kwa sababu utakuwa kila mahali. Oktoba ya mwaka huohuo kampuni ya chipu ya Nvidia ilipotangaza kuwekeza dola bilioni 1 katika Nokia, kwa lengo la kuendesha hesabu za redio kwenye chipu zake, wasimulizi wa hadithi hii waliona ushahidi umejileta wenyewe. Wanachanganya mambo mawili. Kutawanya antena ni jambo moja, kutawanya hesabu ni jambo lingine, na katika sehemu kubwa ya mitandao inayokusudiwa mambo hayo yanavutana: kadiri antena zinavyokuwa ndogo na kutawanyika zaidi, ndivyo sababu za kukusanya hesabu zao mahali pamoja zinavyozidi kupata nguvu. Swali la msingi katika uchakataji wa ishara uliogawanywa si ubongo ukae wapi. Ni taarifa gani itupwe kabla ya kuingia kwenye waya unaotoka kwenye antena, na nani aitupe.

Tuanze na kinachofika kwenye antena. Simu inaporusha mawimbi, antena haipokei maneno wala picha. Inapokea mtikisiko wa umeme ambao kifaa huupima mamilioni ya mara kwa sekunde na kuugeuza namba. Namba hizo ndizo sampuli. Ndani yake umechanganyika ujumbe wa simu inayotakiwa, ujumbe wa simu zisizotakiwa, mwangwi uliogonga majengo na kelele ya joto la vifaa vyenyewe. Uchakataji wa ishara ni kazi ya kuuchambua mchanganyiko huo mpaka zibaki biti za mwenyewe. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa seli kwa seli, yaani eneo la mnara mmoja mmoja: kila mnara ulisikiliza watu wake na kuwachukulia watu wa mnara wa jirani kama kelele. Aliyekuwa karibu na mnara alifaidi. Aliyekuwa mpakani, ambaye minara miwili au mitatu ilimsikia kwa nguvu inayokaribiana, aliumia, kwa sababu yale ambayo mnara wa pili uliyasikia kutoka kwake yalitupwa, na yale uliyowarushia watu wake yalimfikia yeye kama vurugu.

Kwamba utupaji huo ni hasara, wananadharia walilijua zamani. Mwaka 1994 Aaron Wyner wa Bell Labs alichapisha uchambuzi wa kile ambacho kingewezekana iwapo ishara za vituo vyote zingechakatwa kwa pamoja, kana kwamba mtandao mzima ni kipokezi kimoja. Waandishi wa viwango vya 4G walilijaribu wazo hilo kwa vitendo: Toleo la 11 la 3GPP liliingiza ushirikiano wa vituo uliojulikana kama CoMP. Uwanjani matokeo hayakufikia ahadi. Mwaka 2013 Angel Lozano, Robert Heath na Jeffrey Andrews walionyesha kwamba ushirikiano una kikomo chake: ukiongeza vituo vinavyoshirikiana, gharama ya kuzipima chaneli zote, yaani njia ambazo mawimbi hupita kati ya kila simu na kila antena, inapanda, na hata ulikuze kundi namna gani, nje yake daima kuna wengine wanaopiga kelele. Wakati huo Thomas Marzetta alikuwa amekwisha kuchagua njia ya kinyume. Makala yake ya 2010 ilipendekeza kwamba mnara usiongee na jirani yake hata kidogo, bali upewe antena nyingi mno kiasi cha kuweza kumlenga kila mtu kwa mwale wake. 5G ilimfuata yeye. Paneli zenye njia 64 za kurusha na kupokea, ambazo leo ni za kawaida kwenye masafa ya kati, ni uzao wa makala ile.

Kisha mwaka 2017 Hien Quoc Ngo na wenzake, Marzetta mwenyewe akiwamo, waliunganisha mikondo hiyo miwili. Zichukue antena zilezile nyingi, walisema, lakini usizirundike kwenye mnara mmoja. Zitawanye eneo zima, kisha zote zimhudumie kila mtu kwa wakati uleule, bila mipaka ya seli. Walipolinganisha na vituo vidogo vinavyojitegemea, kiwango cha huduma ambacho asilimia 95 ya watumiaji wanaweza kukitegemea kilipanda mara 5, na katika hali fulani mara 10. Angalia ni nani aliyefaidika hapo: si yule aliyebahatika kusimama chini ya antena, ni yule wa mpakani. Ndiyo sababu wazo hili linawavutia watu wa 6G. Mapendekezo ya IMT-2030, yanayoweka malengo ya 6G na yaliyopitishwa na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, Novemba 2023, yanataja kasi ya kilele ya gigabiti 50, 100 hata 200 kwa sekunde kama mifano, na hizo ndizo namba zinazopamba vichwa vya habari. Lakini kasi anayopaswa kuipata mtu wa kawaida, popote alipo katika eneo la huduma, imetajwa kwa mifano ya megabiti 300 na 500 tu. Namba hiyo ya pili ndiyo ngumu kuifikia, na antena zilizotawanyika ni miongoni mwa njia chache zinazoweza kuinyanyua.

Sasa tuingie kwenye waya, maana hapo ndipo hadithi inapochanika. Chukua mkanda wa masafa wa 4G wenye upana wa megahezi 20. Kila antena hupimwa mara milioni 30.72 kwa sekunde, na kila kipimo kina sehemu mbili za biti 15 kila moja. Ongeza biti za udhibiti na za kulinda mstari, kama itifaki ya CPRI inavyotaka, unafika takriban gigabiti 1.23 kwa sekunde kwa antena moja. Antena mbili ni gigabiti 2.46. Mtumiaji je? Kupitia antena hizohizo mbili, hali ikiwa bora kabisa, anapata megabiti 150 kwa sekunde. Waya kati ya antena na chumba cha hesabu unabeba zaidi ya mara 16 ya kile kinachomfikia, na unaubeba mzigo huo hata usiku wa manane wakati hakuna anayetumia simu, kwa kuwa sampuli za ukimya nazo ni sampuli. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, China Mobile ikiwa miongoni mwa waliolisukuma wazo la kukusanya hesabu zote za redio katika vyumba vichache, mzigo huo ulibebeka kwa wenye nyuzi za kioo za kutosha. Kwa 5G haubebeki tena. Mkanda wa megahezi 100 unapimwa mara milioni 122.88 kwa sekunde. Zidisha kwa biti 30 na kwa antena 64, unapata gigabiti 236 kwa sekunde kabla hata hujaongeza biti za udhibiti. Kwa paneli moja, ya mnara mmoja.

Hapo hoja ya kugawa hesabu ilizaliwa kihalali. Muungano wa O-RAN, ulioundwa mwaka 2018 na kampuni za simu zinazotaka vifaa vya redio vya watengenezaji tofauti vifanye kazi pamoja, ulichagua mgawanyo unaoitwa 7.2x: kifaa kilicho kwenye antena kifanye badiliko la Fourier, yaani hesabu ya kuitenganisha ishara katika masafa yake, kikusanye antena zake 64 kuwa miale michache, tuseme 16, kisha kitume miale hiyo tu. Mzigo unapungua mara 4 kwa hatua hiyo peke yake, na unapungua tena kwa sababu sampuli za pembezoni mwa mkanda, ambazo hazina kitu, hazisafirishwi. Huu ni mgawanyo mzuri, na uzuri wake una sababu mahususi ambayo inasahaulika haraka: antena ni nyingi kuliko watu. Watu 16 wanaosikika kupitia antena 64 wanaacha nafasi kubwa isiyo na ujumbe wowote, kwa hiyo kifaa cha antena kina kitu cha kutupa kisichomuumiza mtu.

Igeuze hali hiyo. Katika mtandao usio na seli kila kifaa ni kidogo, chenye antena 2 au 4, na kinasikia watu wengi. Chukua kifaa chenye antena 4 kinachowahudumia watu 10. Kikituma sampuli ghafi, kwa kila alama inayopokewa, yaani kila kipande kimoja cha ishara, kinatuma namba 4. Kikiamua kujifanyia hesabu zake na kutuma makadirio ya kila mtu, kinatuma namba 10. Hesabu imefanyika karibu na antena, jasho limetoka, na mzigo wa waya umeongezeka mara mbili na nusu. Isitoshe, kilichotumwa ni hafifu kuliko kile kilichokuwapo, kwa sababu namba 10 zilizotokana na namba 4 haziwezi kuwa na habari zaidi ya zile 4. Emil Björnson na Luca Sanguinetti walilionyesha jambo hili kwa ukamilifu mwaka 2020. Walilinganisha ngazi nne za ushirikiano, kuanzia hesabu zilizokusanywa zote mahali pamoja hadi zilizogawanywa kabisa, na wakakuta kwamba mfumo uliokusanywa, unaotumia uchujaji wa kupunguza makosa hadi kiwango cha chini kabisa, unatoa ufanisi mkubwa zaidi na papo hapo unapunguza sana mzigo wa waya ukilinganisha na mfumo wa kugawa uliokuwa umezoeleka. Walionyesha pia kwamba mtandao usio na seli unaushinda mtandao wa seli kwa tofauti kubwa pale tu uchujaji wa namna hiyo unapotumika, uwe wa pamoja au wa kila kifaa peke yake. Ile njia rahisi ya kuongeza nguvu za mawimbi bila kuushughulikia mwingiliano, ambayo machapisho ya awali yaliipigia debe, haitoshi. Wazo kwamba kugawa hesabu kunaokoa waya lilikuwa limekaa vichwani mwa watu wengi bila mtu kulihesabia.

Anayeona ajabu afikirie masikio yake mawili. Katika ukumbi wenye watu wengi wanaoongea kwa pamoja, unaweza kumfuatilia mmoja kwa sababu ubongo unapata sauti ghafi ya masikio yote mawili na kupima tofauti ndogo sana za muda kati yake. Sasa kila sikio lipewe akili yake, liandike muhtasari wa alichosema kila mtu, na ubongo upokee mihutasari miwili. Kila sikio limefanya kazi kwa uaminifu, lakini ile tofauti ya muda iliyowatenganisha wasemaji haimo katika muhtasari wowote, na ubongo ukiitaka haipo tena. Antena zilizotawanyika huushinda mwingiliano kwa njia hiyohiyo: kwa kulinganisha mawimbi ghafi ya mahali pengi. Ukizilazimisha zifupishe kabla ya kulinganisha, umenunua masikio mengi na kuyatumia kama moja. Nakumbuka semina moja ambapo mtoa mada alionyesha grafu nzuri za mfumo uliogawanywa. Alipoulizwa waya wake unabeba biti ngapi, alijibu kwamba kwa ajili ya urahisi walichukulia waya hauna kikomo. Waya usio na kikomo hauhitaji mgawanyo wowote.

Wanaotetea kugawa hesabu wana hoja nzito, na ni vizuri zisikilizwe katika ubora wake. Ya kwanza ni muda. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unatumia takriban mikrosekunde 5 kwa kila kilomita, na mtandao hauna subira: 4G ilikipa kituo takriban milisekunde 3 za kuchakata kilichopokewa na kumjibu mwenye simu, na ndiyo maana vyumba vya hesabu vilivyokusanywa havikuweza kukaa mbali zaidi ya takriban kilomita 20 na antena zake. IMT-2030 inazungumzia ucheleweshaji wa kati ya milisekunde 0.1 na 1. Kwa matumizi yanayodai hivyo, safari ya kwenda chumba cha mbali na kurudi inakula bajeti yote. Ya pili ni ukubwa wa hesabu zenyewe. Uchujaji mzuri unahitaji kutatua milinganyo ambayo kazi yake hukua kwa kipeo cha tatu: mara mbili ya antena, mara nane ya kazi. Chumba kimoja cha kuchakata mji mzima hakijengeki. Ya tatu, na kwangu hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ni kwamba si lazima kila antena imhudumie kila mtu. Kifaa kikipewa watu 3 tu walio karibu nacho badala ya 10, ile hesabu yangu ya hapo juu inageuka: namba 3 ni chache kuliko 4, na kufanya kazi papo hapo kunaanza kulipa tena. Hili nalikubali bila kinyongo. Ila tazama linachosema: mgawanyo unalipa au haulipi kulingana na uwiano wa antena na watu, uwiano unaobadilika kati ya saa ya kazi na saa ya usingizi, kati ya ofisi na uwanja wa mpira. Hakuna jibu moja la kuchongwa kwenye jiwe la kiwango kwa miaka kumi.

Kuna hoja nyingine inayosikika nzuri zaidi kuliko ilivyo, ya vifaa kuelewana vyenyewe kwa vyenyewe. Kila antena ikadirie, impelekee jirani, jirani arekebishe na kurudisha, mpaka wote wafikie jibu moja bila kitovu. Mbinu hizi zimekomaa kwenye mitandao ya vihisi, ambako vifaa vinapima joto la udongo au mtikisiko wa daraja na vina dakika nzima za kujadiliana. Redio haina dakika. Kwenye masafa ya gigahezi 3.5 urefu wa wimbi ni sentimita 8.6, gari linalokwenda mita 30 kwa sekunde linavuka nusu ya wimbi hilo kwa milisekunde 1.4, na chaneli iliyopimwa inakuwa imeshageuka nyingine. Kila duru ya majadiliano ina safari ya kwenda na kurudi, na duru kumi zikikamilika jibu linahusu hali ambayo imepita. Watafiti walioijaribu mbinu hii ndani ya paneli moja kubwa, ambako umbali ni wa sentimita, walianza na majadiliano ya duru kwa duru mwaka 2017, na miaka miwili baadaye wakapendekeza miundo ambayo data inakwenda upande mmoja tu, bila kurudi. Mkondo huohuo unaonekana katika mistari ya redio ambayo Ericsson iliionyesha Barcelona mwaka 2019: vifaa vya antena vimepangwa kwenye kebo moja kama shanga kwenye uzi, na kila kimoja kinaweza kuongeza sehemu yake kwenye kinachopita kabla ya kukisukuma mbele. Nauona huu kuwa ugawaji wenye adabu. Kazi imegawanywa, lakini mtiririko una mwelekeo, na mwisho wa kebo kuna anayekata shauri.

Hoja dhaifu kuliko zote, kwa bahati mbaya, ndiyo inayosikika zaidi: chipu zinazidi kuwa nafuu na akili bandia inazidi kuwa hodari, kwa hiyo kila antena itajifunza yenyewe na haja ya kubadilishana sampuli itakwisha. Hapa kuna kosa la kudhani kwamba kinachokosekana ni uwezo wa kuhesabu. Kinachokosekana ni kujua. Antena iliyo upande wa mashariki wa jengo haijui mwingiliano ulivyo upande wa magharibi kwa wakati huu, na hakuna mfumo wa kujifunza, hata uwe na tabaka mia, unaoweza kutoa ndani ya sampuli kitu ambacho hakikuingia ndani yake. Nadharia ya habari ina sheria juu ya hilo: kuchakata kunaweza kuihifadhi habari au kuipoteza, kuiongeza hakuwezi. Akili bandia ina mchango wa kweli hapa, nao ni wa unyenyekevu zaidi. Inaweza kujifunza namna bora ya kubana sampuli, kubashiri chaneli itakavyokuwa milisekunde mbili zijazo kwa mtu anayetembea kwa mwendo uleule, na kuchagua ni antena zipi zimhudumie nani. Yote hayo ni maamuzi ya nini kisafirishwe. Na unafuu wa chipu unazidi kuutetea upande wa pili pia: hesabu zikiwa rahisi kila mahali, kilicho ghali kinabaki kuwa usafirishaji, na swali linarudi palepale kwenye waya. Kuhusu dola bilioni 1 za Nvidia, chipu hizo zinaweza kukaa chini ya mnara au katika chumba kilicho umbali wa kilomita 15. Mkataba haujibu swali hilo, na anayeusoma kama jibu anasoma alichotaka kukiona.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na watu wa antena zilizotawanyika wanaupenda msemo huo. Ni kweli, lakini vidole vinavyovunja chawa viko kwenye mkono mmoja na vinaamriwa na fahamu moja. Antena hazina bahati hiyo, na kinachozikwamisha kwanza ni saa. Ili antena mbili zimrushie mtu mawimbi yanayoongezana badala ya kufutana, kilele cha wimbi la moja kinapaswa kukutana na kilele cha lingine. Kwenye gigahezi 3.5 wimbi moja kamili linadumu nanosekunde 0.29. Ukitaka makosa ya awamu, yaani ya mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake, yasizidi nyuzi 30 kati ya 360, saa za antena hizo haziruhusiwi kupishana zaidi ya takriban pikosekunde 24 kati ya upimaji mmoja na mwingine. Linganisha na mitandao ya leo inayotumia masafa yaleyale kwa zamu ya kurusha na kupokea: hiyo inaridhika na mikrosekunde 1.5, uvumilivu mkubwa zaidi ya mara 60,000. Tofauti ya kudumu kati ya saa mbili inaweza kupimwa na kurekebishwa. Kinachoua ni kuteleza kwake, na saa za vifaa vya bei nafuu huteleza. Kwa mawimbi ya kutoka kwenye simu kwenda mtandaoni tatizo hili ni dogo, kwa kuwa simu inatuma kwanza alama zinazojulikana na upotofu wa saa unapimwa pamoja na chaneli, kisha ujumbe unafuata ndani ya muda mfupi. Kwa mawimbi ya kurudi hakuna msaada huo: antena inapaswa kurusha kwa awamu sahihi kabla mtu yeyote hajaipima. Kwa hiyo hata neno “kugawa” lina maana mbili tofauti kwa pande mbili za mtandao mmoja, na mijadala mingi inaongelea upande rahisi na kutoa hitimisho kwa pande zote. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Manahodha wenye saa zinazopishana hawawezi hata kukubaliana chombo kiko wapi.

Hoja ya uimara inaangukia hapohapo. Inasemekana mfumo usio na kitovu hauna mahali pamoja pa kuupigia ukaanguka. Kwa upande wa umeme na nyuzi, ndiyo: antena moja ikizimika, jirani zake wanaziba pengo, na hiyo ni faida ya kutawanya antena ambayo mnara hauna. Lakini antena hizo zote zinategemea chanzo kimoja cha muda, iwe setilaiti au itifaki ya saa inayopita kwenye waya uleule. Kitovu hakijaondoka. Kimejificha ndani ya saa, mahali ambapo wachache huangalia wanapokagua mfumo.

Athari za haya si za maabara peke yake. Anayeamua nini kitupwe kwenye antena anaamua pia kampuni gani nyingine inaweza kuingia baada ya hapo. Kifaa cha antena kikituma makadirio yaliyokwisha kupikwa, mwenye chumba cha hesabu hana namna ya kuleta algoriti bora mwaka unaofuata. Viungo vimeshaungwa, hawezi kuvitoa. Kikituma kilicho karibu na ghafi, uboreshaji unakuwa suala la programu. Hili si la kufikirika. Mgawanyo wa 7.2x ulikusanya miale kwenye antena kwa kutumia mizani, yaani namba za kuzidishia ishara ya kila antena, iliyokokotolewa kwingine, kutokana na vipimo vilivyokwisha kuchakaa, na kwa mawimbi yanayotoka kwenye simu upotevu wake ulionekana pale watu walipokuwa kwenye mwendo au mwingiliano ulipokuwa mkali. Mwaka 2023 muungano wa O-RAN ukakubali marekebisho yenye aina mbili: moja inayohamishia kazi ya kusawazisha ishara kwenye kifaa cha antena, nyingine inayoiacha kwenye kompyuta. Ukiona kiwango kimoja kinatoka na milango miwili, ujue waliokaa mezani walikuwa na maslahi mawili. Sioni ubaya wake. Ubaya ni mnunuzi wa mtandao kuletewa neno “uliogawanywa” kwenye karatasi ya mauzo bila kuambiwa mlango upi.

Kwa hiyo ningetaka kampuni za simu ziulize maswali makavu kabla ya kutia sahihi: kwa kila kifaa, antena ngapi na watu wangapi wakati wa msongamano, waya unabeba nini kwa kila alama, mgawanyo ukitaka kubadilishwa, unabadilishwa kwa programu au kwa kupanda ngazi na bisibisi. Na watafiti, ambao grafu zao ndizo zinazozaa karatasi hizo za mauzo, waweke mzigo wa waya kwenye mhimili wa grafu badala ya kuuacha kwenye tanbihi. Mgawanyo unaoweza kubadilika kulingana na saa na mahali ni ghali zaidi kuubuni, lakini ndio pekee unaoendana na ukweli kwamba uwiano wa antena na watu hautulii.

Kuna sehemu moja ambayo hata mpango mzuri hauimalizi. Kwa kuwa chumba kimoja hakiwezi kuchakata mji mzima, patakuwa na vyumba vingi, kila kimoja na kundi lake la antena. Kati ya kundi na kundi patakuwa na mpaka, na mpakani patakuwa na mtu ambaye antena za vyumba viwili zinamsikia kwa nguvu inayokaribiana. Vyumba hivyo vikibadilishana sampuli, mzigo wa waya unarudi; vikibadilishana mihutasari, ile tofauti ya muda inapotea; visipobadilishana chochote, kila kimoja kitakihesabu kingine kama kelele. Ndiko alikokuwa amesimama yule mtu wa mpakani Wyner alipoandika mwaka 1994, ila sasa mipaka ni michache na iko mbali zaidi mmoja na mwingine. Mradi wowote unaodai kuzifuta seli, ningependa kipimo chake cha kwanza kichukuliwe hapo alipo yeye, simu ikiwa mkononi mwake na yeye akiwa anatembea.